Chai, Mtindi na Ulanzi Ukiwa kwenye Dozi: Mwongozo Kamili wa Kunywa Antibiotiki

Simama kwenye foleni ya famasi yoyote, iwe Mwanjelwa au Miyomboni, utasikia mambo mawili yakisemwa kwa uhakika uleule. La kwanza: maziwa yanaua dawa. La pili: maziwa yanakata ukali wa dawa, kwa hiyo ukipewa vidonge vikali shushia na mtindi. Wote wawili wana kipande cha ukweli. Wanachokosea ni kusema "dawa" kana kwamba ni kitu kimoja.

Antibiotiki ni ukoo mkubwa. Maziwa yanayoharibu kidonge kimoja hayana habari na kingine, na kuna kingine tena yanakisaidia kisisumbue tumbo. Pombe nayo ni hivyohivyo: ipo dawa ambayo ukiichanganya na bia moja unaweza kutapika usiku kucha, na ipo ambayo bia hiyo hiyo haiigusi. Ndiyo maana hapa sitakupa orodha ya vinywaji vya kuacha. Tutaanza na pakiti iliyo mkononi mwako, halafu tutatazama saa. Watu wengi wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kwenye baridi, hawana haja ya kuacha chai ya maziwa hata siku moja. Wanachohitaji ni kuisogeza.

Nachukulia kwamba umeshapimwa na dawa umeandikiwa na mtaalamu. Kama umejinunulia mwenyewe kwa kukisia taifodi, tatizo lako la kwanza si chai.

Hatua ya 1: Pata jina la dawa, si rangi yake

Vidonge vingi hutolewa vikiwa vimehesabiwa na kutiwa kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa "1x3" au "1x2". Hiyo inakwambia kidonge kimoja, mara tatu au mara mbili kwa siku. Haikwambii ni dawa gani. Na kusema "nilipewa za rangi mbili" hakusaidii, maana amoksisilini, doksisaiklini na Ampiclox zote huja kwenye kapsuli za rangi mbili, na kila moja ina masharti yake.

Kwa hiyo usiondoke dirishani bila jina kuandikwa kwenye bahasha. Haki hiyo unayo hospitali ya rufaa, na unayo pia kwenye duka la dawa muhimu la kijijini. Maduka haya yalianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 kabla ya kuenea nchi nzima, na lengo lake lilikuwa mtu wa kijijini apate dawa sahihi pamoja na maelezo yake. Maelezo ni sehemu ya ulichokilipia.

Ukishapata jina, tazama mwisho wake. Usihangaike na mwanzo. Mikia mitatu ndiyo inayobeba karibu mambo yote ya vinywaji:

-floxacin: siprofloksasini, levofloksasini, norfloksasini na ndugu zao. Hawa hugombana na maziwa, madini na, kwa sipro, kahawa.

-cycline: doksisaiklini na tetrasaiklini. Hawa pia hugombana na maziwa na madini, lakini kwa viwango tofauti.

-nidazole: metronidazoli, ambayo wengi wanaiita Flagyl, na tinidazoli. Hawa hawana shida na maziwa. Ugomvi wao ni pombe.

Angalizo dogo kwa wanaosoma haraka: -bendazole ni dawa za minyoo na -conazole ni za fangasi. Zinafanana kwa macho tu na kundi la tatu.

Kama jina la dawa yako halina mkia wowote kati ya hiyo mitatu, masharti yako huenda ni mepesi zaidi, ila soma Hatua ya 6 kwanza.

Hatua ya 2: Maji, na yawe ya kutosha

Kinywaji kisicho na ugomvi na antibiotiki yoyote ya kumeza ni maji safi. Glasi nzima, yaani kama robo lita. Funda moja la kusukumia halitoshi.

Huku kwetu kuna tabia ya msimu wa baridi, hasa Makete na Njombe mwezi wa sita na wa saba, ya kushushia kila kitu na kitu cha moto. Maji ya uvuguvugu hayana neno. Chai inayofuka moshi ni jambo jingine: ganda la kapsuli limetengenezwa kwa jelatini, ambayo hulainika na kunata kwenye joto na unyevu. Kapsuli ikinata kooni badala ya kushuka, dawa humwagika pale pale. Kwa doksisaiklini hilo ni baya kweli, kwa sababu inaweza kuchoma koo na kuacha kidonda. Mtu anakuja analalamika kifua kinamuuma kila akimeza tonge, anadhani ni vidonda vya tumbo, kumbe ni kapsuli aliyoimeza kwa funda moja la chai na kupanda kitandani.

Kaa wima angalau nusu saa baada ya kumeza doksisaiklini. Dozi ya jioni imeze mapema, si ukiwa umeshajifunika blanketi.

Hatua ya 3: Kama jina linaishia na -floxacin

Hapa ndipo maziwa yanapofanya uharibifu, na inafaa kuelewa kwa nini, maana ukielewa utajua mwenyewe cha kufanya na vinywaji ambavyo sijavitaja.

Maziwa yana kalsiamu nyingi: glasi ya mililita 250 ina karibu miligramu 300. Kalsiamu ikikutana na siprofloksasini tumboni, hushikana nayo na kutengeneza kitu ambacho ukuta wa utumbo hauwezi kukipitisha vizuri kuingia kwenye damu. Dawa umeimeza, umeilipia, lakini sehemu yake inatoka chooni bila kufanya kazi. Kwa sipro, maziwa au mtindi ukimezwa pamoja na kidonge hupunguza kiasi kinachoingia mwilini kwa takriban theluthi moja. Norfloksasini hupoteza karibu nusu. Levofloksasini haisumbuliwi sana na maziwa, ingawa madini ya vidonge huisumbua kama wenzake.

Theluthi inaweza kuonekana ndogo. Fikiria basi maambukizi ya njia ya mkojo au taifodi ambayo yalihitaji kipimo kamili, na wewe unayapa theluthi mbili kwa siku saba mfululizo. Bakteria dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki. Unapona nusu, ugonjwa unarudi, unaambiwa "dawa imegoma".

Kwa hiyo saa. Kanuni ya sipro ni kumeza kidonge masaa 2 kabla ya maziwa, au masaa 4 hadi 6 baada ya maziwa. Ukishika 6 uko salama zaidi. Kwa mtu anayemeza mara mbili kwa siku, ratiba inayofanya kazi ni hii:

Saa 12 asubuhi: kidonge na glasi ya maji.
Saa 2 asubuhi: sasa kunywa chai ya maziwa, hata ile nzito ya Tukuyu ambayo maji ni machache kuliko maziwa. Kuanzia hapa hadi saa 6 mchana, mtindi ruksa.
Saa 6 mchana: mwisho wa maziwa. Mchana kula ugali, viazi, ndizi, mboga, nyama, bila wasiwasi.
Saa 12 jioni: kidonge cha pili na maji.
Saa 2 usiku na kuendelea hadi kulala: maziwa ruksa tena.

Ona kwamba hakuna kilichoachwa. Kilichobadilika ni chai ya saa 1 asubuhi kuwa ya saa 2, na ile ya saa 10 jioni kuwa ya rangi. Mkulima wa Rungwe mwenye ng'ombe wake watatu bandani hana sababu ya kumwaga maziwa kwa sababu ya sipro.

Chakula chenye maziwa kidogo ndani yake, kwa mfano wali na mboga iliyotiwa kijiko cha maziwa, hakina athari kubwa kama kushushia kidonge na glasi ya maziwa yenyewe. Usianze kuogopa kila sufuria.

Uji unahitaji neno lake. Uji wa ulezi ni jadi yetu, na ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zote tunazolima: zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100 za unga. Ukiuongezea maziwa, au ukitumia unga wa lishe ulioongezwa madini, bakuli lako linakuwa ndugu wa glasi ya maziwa. Mimi huuweka kwenye ratiba ileile ya maziwa. Uji mweupe wa sembe bila maziwa hausumbui.

Juisi ya parachichi, siku hizi ipo kila kona kuanzia Njombe mjini hadi Kabwe, na wauzaji wengi huisaga na maziwa. Uliza kabla ya kunywa. Maziwa ya soya na juisi za boksi zilizoandikwa kwamba zimeongezwa kalsiamu hufanya kama maziwa ya ng'ombe.

Halafu kuna vitu ambavyo si vinywaji lakini huharibu kuliko maziwa: vidonge vya kuongeza damu ambavyo wajawazito hupewa kliniki, vidonge vya zinki vya mtoto anayeharisha, na dawa ya kiungulia, ile nyeupe ya chupa au vidonge vya kutafuna vyenye magnesiamu na aluminiamu. Hivi hushikana na sipro kwa nguvu zaidi. Sipro imezwe masaa 2 kabla yake au masaa 6 baada yake, bila kupunguza. Mtoto aliyeandikiwa sipro kwa kuhara damu na zinki kwa wakati mmoja, jambo ambalo hutokea, mama yake apange hivi: sipro asubuhi na jioni, zinki saa 4 asubuhi hadi saa 6 mchana. Vyote viwili atavipata.

Hatua ya 4: Kahawa, chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu

Hili linawahusu watumiaji wa sipro zaidi ya wengine. Siprofloksasini huzuia kimeng'enya cha ini ambacho kazi yake mojawapo ni kuvunja kafeini. Kahawa haiharibu dawa. Dawa ndiyo inayozuia kahawa isitoke mwilini. Kikombe kimoja cha asubuhi kinabaki kwenye damu muda mrefu kuliko kawaida, cha pili kinajirundika juu yake. Matokeo ni moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukosa usingizi, wasiwasi usio na sababu. Mtu anaweza kudhani ni ugonjwa unazidi.

Kwa wakulima wa kahawa Mbozi na Mbinga, na wachuma chai Mufindi na Rungwe, kunywa kwa kiasi si dhambi: punguza hadi nusu ya mazoea yako, na uache kabisa kuanzia mchana ukiona usingizi unakataa.

Wasiwasi wangu mkubwa ni madereva. Barabara ya Tunduma haina usingizi, na dereva wa lori au bodaboda huishi kwa makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu. Kopo la kawaida la mililita 250 lina takriban miligramu 80 za kafeini. Akinywa matatu akiwa kwenye sipro, anaweza kusikia moyo unamruka kifuani kwenye mteremko wa Mlima Nyoka. Ukiwa kwenye sipro, viache hadi dozi iishe. Levofloksasini haina tatizo hili kwa kiwango cha kutisha, kwa hiyo ukiwa mtu ambaye huwezi kufanya kazi bila kahawa, mwambie daktari kabla hajaandika.

Chai ya rangi yenyewe ina kafeini pia, ila kidogo kuliko kahawa. Mchaichai na tangawizi bila majani ya chai havina kabisa.

Hatua ya 5: Kama jina linaishia na -cycline

Tetrasaiklini ya zamani ndiyo dhaifu zaidi mbele ya maziwa. Glasi moja inaweza kuifuta nusu yake au zaidi, na hata maziwa machache ndani ya kahawa yanatosha kuivuruga. Kama umepewa hii, imeze tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au masaa 2 baada ya kula, kwa maji tu.

Doksisaiklini ni mstahimilivu. Maziwa huipunguza kwa karibu asilimia 20, ndiyo maana utakuta maelezo mengine yanaruhusu kuimeza na maziwa ikiwa tumbo linachafuka. Maoni yangu ni kwamba kabla ya kukimbilia maziwa, jaribu chakula: kipande cha chapati, kiazi cha kuchemsha, ndizi. Kichefuchefu cha doksi hutulia kwa tonge tu mara nyingi. Acha masaa 2 kati yake na maziwa. Vidonge vya kuongeza damu vitenge kwa masaa 3 au zaidi, maana madini ya chuma huifuata doksi hata baada ya kufyonzwa.

Na kwa kuwa tuko juu ya mwinuko ambako hewa ni baridi lakini jua ni kali, ujue doksi huifanya ngozi iungue haraka. Vaa kofia na mikono mirefu shambani. Wajawazito na watoto wadogo wasipewe doksi bila uamuzi wa daktari.

Hapa ndipo watu huchanganya na dawa ya mseto ya malaria. Hiyo si antibiotiki, na kanuni yake ni kinyume kabisa: ALu hufyonzwa vizuri ikiwa na mafuta, kwa hiyo glasi ya maziwa pamoja nayo ni jambo jema. Nyumba moja inaweza kuwa na mtoto wa malaria anayepaswa kunywa maziwa na dawa yake, na baba wa sipro asiyepaswa. Msilingane.

Hatua ya 6: Ampiclox, amoksisilini na wengine

Amoksisilini haina neno. Chai ya maziwa, mtindi, juisi ya pasheni, chakula au tumbo tupu, vyote sawa. Watoto wengi hunyimwa maziwa siku saba nzima wakiwa kwenye amoksisilini bila sababu yoyote, na mtoto mgonjwa ndiye anayehitaji chakula kuliko wote.

Ampiclox na kloksasilini hutaka tumbo tupu: saa moja kabla ya kula au masaa 2 baada ya kula. Hapa adui si maziwa peke yake. Chakula chochote hupunguza kiasi kinachoingia. Amoksisilini yenye klavulanati imezwe mwanzoni mwa mlo, tumbo litakushukuru.

Azithromaisini ya vidonge haijali chakula wala maziwa. Erithromaisini nyingi hupenda tumbo tupu na maji, na hazipatani na juisi ya balungi, ambayo huzipandisha kwenye damu kupita kipimo. Septrin haina shida na maziwa, lakini hutaka maji mengi siku nzima ili isigande kwenye figo. Nitrofurantoini ya njia ya mkojo imezwe na chakula au maziwa kabisa. Mkojo kubadilika rangi ni kawaida.

Antibiotiki ya sindano haipiti tumboni, kwa hiyo maziwa ya chai yako hayakutani nayo.

Hatua ya 7: Kama jina linaishia na -nidazole

Sasa pombe.

Metronidazoli ni mojawapo ya dawa zinazotolewa sana: kwa amiba, kwa maambukizi ya ukeni, kwa jino lililooza. Na onyo lake ni kutokunywa pombe kabisa ukiwa kwenye dozi, kwa sababu kwa baadhi ya watu mchanganyiko huo huleta uso kuwaka moto, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio na kutapika. Haiwapati wote, na wataalamu wanabishana ni wangapi hasa. Lakini huwezi kujua mapema kama wewe ni mmoja wao, na kujaribu kilabuni ni mahali pabaya pa kujifunza.

Mabishano ya dirishani, kati ya mgonjwa na mtoa dawa, husikika hivi:

"Mwanangu, hii nikimeza asubuhi, jioni nikapitia ulanzi kidogo, si zitakuwa zimepishana?"

"Hazipishani, mzee. Dawa hii unaimeza mara tatu kwa siku ili isitoke mwilini. Ukifika kilabuni jioni, ya asubuhi bado ipo na ya mchana imeongezeka."

"Basi jioni nisimeze."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayonitisha kuliko pombe yenyewe. Mtu anaruka dozi ya Ijumaa na ya Jumamosi ili asivunje sharti la pombe, anajiona ameheshimu dawa. Ameiua. Kama ni lazima kitu kiachwe, kiwe chupa.

Ulanzi, pombe ya mianzi, unahitaji maelezo kwa sababu watu wa Iringa na Njombe huugawa: mtogwa ule mtamu wa asubuhi wanauita juisi, mkangafu ndio pombe. Mgawanyo huo unafaa kilabuni, haufai kwenye dozi. Utomvu wa mwanzi huanza kuchachuka wenyewe, bila kuongezwa hamira, tangu unapodondoka kwenye chombo huko kwenye mianzi. Kilichokuwa kitamu saa 1 asubuhi, jioni ni pombe kamili, na katikati hakuna mstari unaoweza kuuona kwa macho. Masika yakianza na ulanzi ukijaa sokoni, mwenye Flagyl apite mbali na vyote viwili. Komoni, kangara na kimpumu havina mjadala, na gongo ina sababu nyingine za kuachwa hata bila dawa.

Togwa ni swali la haki zaidi. Togwa iliyopikwa leo na kutiwa kimea, ikanyweka siku hiyohiyo, kilevi chake ni kidogo mno. Iliyolala siku mbili au tatu imeshaanza safari. Ushauri wangu: ukiwa kwenye metronidazoli kunywa togwa ya siku hiyo kwako nyumbani, unayoijua imetengenezwa lini. Ya kununua stendi iache. Soma pia lebo za dawa za kikohozi za maji, baadhi zina alkoholi.

Kwa antibiotiki nyingi zilizobaki, kwa mfano amoksisilini, bia moja haivunji nguvu ya dawa. Hata hivyo pombe hukausha maji mwilini, huvuruga usingizi, na hufanya mtu asahau kidonge cha usiku. Kwa mnywaji wa kila siku, doksisaiklini huondoka mwilini haraka kuliko inavyotakiwa. Mwambie ukweli anayekuandikia.

Dawa za kifua kikuu ni habari nyingine. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote hupita kwenye ini, na pombe nayo hupita huko huko. Kwa matibabu ya kawaida ya miezi 6, pombe iachwe miezi yote 6. Rifampisini humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni rangi ya dawa tu. Macho kuwa ya njano ni ini linalalamika, nenda kituoni siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Dawa ya maji ya mtoto

Unga wa chupa uchanganywe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa, hadi kwenye alama. Maji ya moto huharibu dawa. Usimimine dozi ndani ya chupa ya maziwa au bakuli zima la uji: mtoto akiacha nusu, hujui ameacha dawa kiasi gani. Mpe kwa kijiko au bomba la kupimia, kisha mpe maji ya kushushia. Metronidazoli ya maji, tofauti na ya vidonge, ipewe saa moja kabla ya kula. Maisha ya chupa iliyokwishachanganywa huwa kati ya siku 7 na 14 kutegemea dawa. Tarehe ya kuchanganya iandike kwa kalamu juu ya lebo.

Hatua ya 9: Ukishakosea

Umemeza sipro na chai ya maziwa, umekumbuka kikombe kikiwa kitupu. Usirudie kidonge. Usimeze viwili dozi inayofuata. Endelea na saa zako kama kawaida, safari hii kwa maji. Kosa moja halivunji matibabu. Kosa la kila asubuhi ndilo linalovunja.

Umekunywa pombe ukiwa kwenye metronidazoli: acha pombe hapo hapo, kunywa maji, endelea na dozi. Ukitapika bila kukoma, ukishindwa kupumua vizuri au moyo ukigoma kutulia, nenda hospitali na pakiti mkononi. Na antibiotiki yoyote ikikutoa vipele mwili mzima au kukuvimbisha midomo na uso, hiyo si habari ya kinywaji tena. Acha dawa, wahi hospitali.

Dozi ikiisha, maziwa na kahawa vinarudi kwenye saa zake siku inayofuata. Pombe baada ya metronidazoli haifuati hivyo. Wengine huhesabu masaa 48, wengine siku 3, na kwa tinidazoli ni siku 3 bila mjadala. Mimi nahesabu siku 3 kwa zote mbili, kuanzia kidonge cha mwisho na si kuanzia siku uliyojisikia umepona. Kidonge cha mwisho kikiwa cha Ijumaa saa 2 usiku, kilabu ni Jumatatu usiku.